Sanaa ni Nini? Majibu ya Wanafunzi wa Afrika Mashariki Tangu 1937

Mwaka 1939, mwaka uleule vilipozuka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jumba la Imperial Institute jijini London lilitundika ukutani picha zilizochorwa na vijana kutoka Uganda. Waliozichora hawakuwa wachoraji wa kuajiriwa, wala mafundi waliorithi kazi kwa baba zao. Walikuwa wanafunzi, na mwalimu wao, Mwingereza Margaret Trowell, alikuwa ameanza kuwafundisha miaka miwili tu iliyotangulia. Mengi yameandikwa tangu hapo kuhusu alichotaka mwalimu. Machache mno yameandikwa kuhusu walichofikiri vijana wenyewe: walipochovya brashi kwenye rangi, walijua wanafanya nini, na kwa nini kiitwe sanaa?

Swali hilo limewafuata wanafunzi wote waliokuja baada yao, wa Kampala, Nairobi, Dar es Salaam na Lubumbashi. Kila kizazi kilipokea maana ya sanaa kutoka kwa mwalimu, kikaijaribu kwa mkono wake, kisha kikaigeuza. Ukisoma historia hii kwa kufuata kazi zilizobaki, utaona kwamba maana zilizodumu ni zile ambazo wanafunzi walizitoa kwenye mti, kwenye rangi na kwenye ukuta. Zile zilizoishia kwenye daftari zilikwenda na walimu wake.

Fundi na mwanagenzi

Kabla ya shule palikuwa na fundi. Katika miji ya Unguja na Lamu, kijana aliyetaka kuchonga milango alikwenda kukaa kwa fundi seremala. Alifagia vumbi, alinoa patasi, alishika ubao mwenzake akipiga randa, na baada ya muda mrefu akaachiwa achonge kona moja ya fremu. Hapo alijifunza mnyororo unaozunguka mwimo wa mlango, samaki, majani na maua ya yungiyungi, na maandishi ya Kiarabu yanayokaa juu ya kizingiti. Hakuna aliyemwuliza sanaa ni nini. Aliulizwa kama mlango ule unamfaa mwenye nyumba, na jibu lilitolewa na kila mpita njia.

Ndivyo ilivyokuwa katika nchi ya Wamakonde, ambako barakoa ya mapiko ilipimwa uwanjani, katika ngoma ya jando, ilipovaliwa na mchezaji. Ndivyo ilivyokuwa Buganda, ambako watu wa ukoo wa Ngonge walitwanga gome la mti wa mutuba kwa nyundo za mbao mpaka likawa lubugo, nguo ya wafalme na ya maziko. Mwanagenzi wa kazi hizi alitahiniwa na jamii yake yote. Kazi yake ilikuwa nzuri ikiwa imefika mahali pake: mlangoni, uwanjani au kaburini.

Tusidhani kwamba mafundi hao hawakuwa na fikra. Mlango wa Unguja una mkono wa Mwarabu, wa Mhindi na wa Mswahili, na mikono hiyo haikukutana kwa bahati. Kuna watu walikaa wakaamua kipi kichukuliwe na kipi kiachwe. Lakini uamuzi ulifanyika ndani ya kazi. Shule ilipokuja, uamuzi ulitolewa karakanani ukawekwa mdomoni mwa mwalimu.

Barazani kwa Trowell

Makerere, jijini Kampala, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa serikali ya kikoloni, mkono wa Mwafrika ulikuwa mkono wa kutengeneza vitu. Kwa hiyo mwaka 1937, Trowell alipoanza kuwafundisha vijana kuchora kwenye baraza ya nyumba yake, katika darasa lililokuja kuwa shule ya sanaa ya Makerere, alifanya jambo ambalo wengi waliomzunguka hawakuliona lina faida yoyote.

Trowell alisoma Slade, shule mashuhuri ya sanaa ya London, kisha akasomea ualimu chini ya Marion Richardson, aliyefundisha watoto kuchora wanachokiona akilini badala ya kunakili vitu vilivyowekwa mezani. Alifika Kenya mwaka 1929 na mumewe, daktari Hugh Trowell, wakaishi Ukambani, na huko akavutiwa na kazi za mikono za wenyeji. Walipohamia Uganda alikuwa na imani iliyokamilika. Hakutaka vijana wapewe sanamu za plasta za Kigiriki wazichore. Aliwasimulia tukio, la kijijini au la Biblia, akawaacha wafumbe macho waone picha yao wenyewe, ndipo wachore. Kwake, sanaa ilitoka ndani ya mtu na ndani ya jamii yake, na kazi ya mwalimu ilikuwa kuilinda isichafuliwe na Ulaya.

Imani hiyo iliwapa wanafunzi heshima kubwa katika zama ambazo heshima ilikuwa adimu. Iliwaambia kwamba migomba, ng'ombe, mazishi na harusi za kwao vinastahili kuchorwa. Lakini ilibeba mtego. Aliyeamua kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika alikuwa Trowell mwenyewe. Mwanafunzi aliyetaka kujua jinsi Wazungu wanavyochora mwili wa binadamu, au jinsi mstari unavyodanganya jicho lione umbali, aliambiwa kwa upole kwamba hayo hayamhusu. Ulinzi wa aina hiyo, hata ukitolewa kwa mapenzi, humfunga anayelindwa.

Gregory Maloba, kijana kutoka magharibi mwa Kenya, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwanzo na baadaye akawa mwalimu Makerere. Yeye alichagua uchongaji. Alipoombwa kutengeneza mnara wa uhuru wa Uganda, uliosimama Kampala mwaka 1962, alimwunda mama mrefu ambaye mwili wake bado umezungushiwa vitambaa vya kufungia, naye amemwinua mtoto juu, mikono ya mtoto imefunguka kuelekea mbinguni. Hakuna katika mnara ule kinachoweza kuitwa kinyago cha jadi, na hakuna kinachoweza kuitwa sanamu ya Kizungu. Maloba alijibu swali la mwalimu wake kwa kulipanua: sanaa inaweza kusimama barabarani na kulisemea taifa ambalo siku ile ndiyo kwanza linazaliwa. Wapita njia wa Kampala wanaendelea kuisoma kazi hiyo hadi leo bila kuhitaji maelezo.

Mchaga aliyerudi kutoka Slade

Sam Ntiro alizaliwa Machame, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, mwaka 1923. Aliingia Makerere mwaka 1944, akafundishwa na Trowell, akabaki kufundisha, kisha akapelekwa Slade, kulekule alikosoma mwalimu wake, mwaka 1952 hadi 1955. Wakati huo Makerere ilikuwa imekwisha kuwa chuo kikuu kishiriki cha London, na safari ya kwenda Uingereza ilionekana ndiyo kilele cha elimu.

Angeweza kurudi akichora kama Wazungu, na wengi wangempongeza. Alirudi akaendelea kuchora Machame. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku imo leo katika mkusanyiko wa Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Watu katika picha zake ni wadogo, nyuso zao hazina maelezo, na wako pamoja kila mara: wanalima, wanavuna, wanachota maji, wanasindikiza. Mlima na migomba vina uzito kuliko mtu mmoja yeyote. Walioona udhaifu wa kuchora hapo hawakumwelewa. Ntiro alikuwa na kauli moja, na aliishikilia maisha yake yote: mtu ni mtu akiwa kazini na wenzake, na sanaa ni kumbukumbu ya kazi hiyo.

Kauli hiyo ilipata nguvu mpya baada ya uhuru. Ntiro aliiwakilisha Tanganyika London akiwa Balozi kuanzia mwaka 1961, akarudi nyumbani kushughulikia utamaduni serikalini na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wanafunzi wa Tanzania walisikia kila siku kwamba kazi ya mtu ni mali ya jamii. Ntiro alikuwa amechora fikra hiyo miaka mingi kabla haijaandikwa kuwa siasa. Elias Jengo, aliyepitia Makerere naye, akaja kuwafundisha vijana wa Dar es Salaam, akiendeleza uchoraji unaozungumza na watu juu ya maisha yao. Mcheza kwao hutuzwa, na kizazi hiki kiliamini kwamba msanii lazima achezee kwao.

Mgogoro wa Todd na hoja ya Njau

Trowell alistaafu mwaka 1958. Aliyeshika nafasi yake, Cecil Todd, mchoraji kutoka Afrika Kusini, aliuona ulinzi wa Trowell kuwa dhuluma. Alileta historia ya sanaa ya Ulaya, nadharia ya rangi, uchapaji wa picha, uchoraji wa ukutani na kuchora mwili kwa kumtazama mtu halisi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuikataa: mwanafunzi wa udaktari wa Kampala husoma tiba ileile anayosoma mwanafunzi wa London, basi kwa nini mwanafunzi wa sanaa anyimwe ujuzi wa dunia? Kwa Todd, sanaa ilikuwa lugha moja ya binadamu wote, na shule ilikuwa mahali pa kujifunza sarufi yake.

Mgogoro huu kati ya Trowell na Todd umefundishwa mara nyingi kana kwamba ni ugomvi wa walimu wawili. Uzito wake ulikuwa kwa wanafunzi, maana wao ndio waliolazimika kuishi ndani yake. Theresa Musoke, aliyeingia Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, alifundishwa mbinu za Todd, akazitumia kuchora kwenye ukuta wa bweni la wanawake la Mary Stuart mchoro wa kuzaliwa kwa mtoto. Sarufi ilitoka kwa mwalimu, sentensi ilikuwa ya Musoke. Mwanamke kijana alichukua jambo ambalo hakuna mwalimu mwanamume angelifikiria, akaliweka mahali ambapo wanawake wenzake wangeliona kila siku.

Elimo Njau alikwenda njia nyingine. Alizaliwa Marangu mwaka 1932, akasoma Makerere katika miaka ya 1950, zama za Trowell na Maloba. Mwishoni mwa miaka hiyo alichora kuta za kanisa la kumbukumbu la Murang'a, lililojengwa kwa ajili ya Wakristo Wakikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, bustani ya Gethsemane na msalaba, yote yako katika nchi ya vilima na miti ya Kikuyu, na Yesu ni Mwafrika. Fikiria maana ya jambo hilo katika kanisa la Kianglikana, katika koloni ambayo hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Kuchora vile kulikuwa hoja ya imani na ya siasa kwa pamoja.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walifungua Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa maonyesho, mijadala na mafunzo palipoanzishwa na Waafrika wenyewe. Fundisho lake lililojulikana sana lilikuwa kwamba msanii asinakili, kwa sababu kunakili humlaza Mungu usingizi. Usemi huo unakata pande mbili. Unamkemea anayeiga Ulaya, na unamkemea vilevile anayeiga babu yake bila kufikiri. Kwa Njau kila mtu aliumbwa muumbaji, na sanaa ni kuitikia uumbaji huo kwa uaminifu. Ndiyo maana alitumia miaka mingi kufundisha watoto na kuonyesha kazi zao.

Wanafunzi wa Makerere hawakuwa peke yao barani. Huko Zaria, kaskazini mwa Nigeria, wanafunzi wa sanaa walikuwa wameunda chama chao mwaka 1958. Miongoni mwao walikuwamo Uche Okeke, Demas Nwoko na Bruce Onobrakpeya. Walikubaliana wachukue kilicho bora katika urithi wao na katika mafunzo ya kigeni, wakiunganishe kwa hiari yao. Kinachowafanya wa Zaria wakumbukwe ni kwamba walikaa wakajadili na kuandika walichokiamini wangali wanafunzi. Wenzao wa Makerere walijadili vivyo hivyo, lakini hawakuacha tamko la pamoja. Tamko lao tunalazimika kulisoma kwenye kuta na minara.

Wanafunzi wasio na shule

Wakati Makerere ikishindana juu ya ulinzi na sarufi, watu wengi zaidi walijifunza sanaa bila kuvuka lango la chuo.

Huko Elisabethville, mji wa Kongo ambao leo ni Lubumbashi na ambao Kiswahili ni lugha yake ya nyumbani na sokoni, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Alifikiri kama Trowell: vijana waachwe watoe kilichomo ndani yao. Bela, aliyekuwa mtumishi wake, alichora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza karatasi samaki, ndege na nyoka. Mwenze Kibwanga alijenga picha nzima kwa mistari mifupi iliyopangwa kama ususi. Waliachwa huru, na walitofautiana kabisa. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, Pilipili na Kibwanga waliingia katika akademia iliyoanzishwa mjini humo na Laurent Moonens, wakafundisha.

Lakini jibu zito zaidi la Lubumbashi lilitoka mtaani. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, aliuza picha zake nyumba kwa nyumba. Familia za wafanyakazi wa migodi zilitundika sebuleni picha walizoziita ukumbusho: mamba mtu (nguva), enzi ya Wabelgiji na viboko vyake, Lumumba akikamatwa. Mwaka 1973 na 1974 Tshibumba alichora historia nzima ya nchi yake katika picha takriban 100, akazieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alijiita mwanahistoria. Kwake picha ilikuwa hoja, na aliyeitazama alitakiwa kufikiri na kujibu. Alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha hizo sasa ziko Amsterdam.

Huko Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli kwenye vipande vya mbao laini za viwandani. Alikufa mwaka 1972, akipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Miaka minne tu ilitosha kuacha wanafunzi: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata. Walikuwa ndugu na jamaa, na walijifunza kwa njia ya zamani ya fundi na mwanagenzi. Kijana huanza kwa kupaka rangi ya nyuma, kisha hujaza madoadoa, kisha huiga chui wa mwalimu mpaka chui huyo amtoke mkononi bila kumtazama.

Hapa ndipo hoja ya Njau inapogonga mwamba. Katika karakana ya Tingatinga kunakili ndiko kusoma. Wasomi wengi waliwadharau wachoraji hawa kwa sababu hiyo, na kwa sababu walichora ili wauze. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Kunakili ni mlango, na hukumu inapaswa kumwangukia anayekaa mlangoni maisha yake yote. George Lilanga alianza kwa kuchonga vinyago vya Kimakonde, akaingia Nyumba ya Sanaa iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1972, akachukua mashetani ya wachongaji na rangi za akina Tingatinga, akatoa viumbe vyenye masikio makubwa na vicheko ambavyo hakuna mwingine aliyewahi kuvichora. Bila kuiga asingefika. Kwa kuiga tu asingetoka.

Na wakati mwingine lango la chuo lilifunguka kutoka ndani. Jak Katarikawe, kijana wa kusini magharibi mwa Uganda, alikuwa dereva wa mhadhiri wa Makerere. Ntiro aliona michoro yake akamtia moyo. Katarikawe alichora ng'ombe wanaopendana na ndoto alizoota usiku, na akawa mmoja wa wachoraji wanaoheshimiwa sana katika ukanda huu.

Njaa ya vifaa, njaa ya ukweli

Idi Amin alipotwaa madaraka Januari 1971, na hasa baada ya kuwafukuza Waasia mwaka 1972, Makerere ilianza kukauka. Walimu wa kigeni waliondoka. Musoke akahamia Kenya na kuishi huko miaka mingi. Rangi za mafuta na turubai havikupatikana. Wanafunzi waliobaki walirudia gome la mutuba, nyuzi za migomba, udongo, vyuma chakavu na mbao za kuokota. Kile ambacho Trowell alikitaka kwa falsafa, wao walikipata kwa ukosefu.

Lakini hawakukitumia kama alivyotarajia. Francis Nnaggenda, aliyesoma Ulaya na kurudi kufundisha Makerere mwishoni mwa miaka ya 1970, aliunganisha mti na chuma, akawaonyesha wanafunzi kwamba kila kitu kilichotupwa kinaweza kusema. Sanamu yake ya majeruhi wa vita, aliyoichonga kwenye gogo kubwa katika miaka ya 1980, imesimama katika maktaba kuu ya Makerere. Ni mwili uliopungua viungo na ambao bado umesimama. Mwanafunzi wa sheria, wa kilimo au wa tiba anayeingia kusoma hulazimika kupita mbele yake. Kizazi cha Nnaggenda kilijifunza kwamba sanaa ni ushahidi, na kwamba katika nchi ambayo kusema waziwazi kunaweza kumwua mtu, mti unaweza kusema kwa niaba yake.

Wanawake na maana mpya

Rosemary Karuga alikuwa mwanamke wa kwanza kusoma sanaa Makerere, mwaka 1950 hadi 1952. Alipomaliza alirudi Kenya, akafundisha shule, akalea familia, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwita msanii. Katika miaka ya 1980, akiwa amepita umri ambao wengine hustaafu, alianza kukata karatasi za pakiti za unga na za sabuni akazibandika zikawa picha za wanawake, kuku na mashamba. Hakuwa na pesa za rangi, basi akachukua rangi iliyokuwa tayari imechapwa kwenye takataka za jikoni. Kazi zake zilionyeshwa nje ya nchi kabla hazijaheshimiwa nyumbani. Alifariki mwaka 2021. Maisha yake yanatupa jibu ambalo hakuna mtaala ulioliandika: mwanafunzi wa sanaa anaweza kukaa miaka 30 bila kazi ya kuonyesha, na elimu yake isife.

Lilian Nabulime, mchongaji na mhadhiri wa Makerere, alikabili janga la UKIMWI. Mizizi na magogo yalikuwa yamemjengea jina, lakini alitaka kitu ambacho mwanamke wa kijijini angeweza kukishika na kukizungumzia bila aibu. Akatengeneza sanamu ndogo za sabuni inayopitisha mwanga, zenye maumbo ya mwanamume na ya mwanamke. Sabuni huoshwa nayo mwili, hupita mikononi mwa mume na mke, huisha. Watu walioshindwa kutamka neno moja kuhusu ugonjwa waliweza kuanza mazungumzo wakiwa na sabuni mkononi. Nabulime alirudisha kipimo cha fundi wa zamani: kazi nzuri ni ile iliyofika mahali pake. Alikirudisha akiwa na shahada ya uzamivu, na hakuona mgongano wowote.

Njia nyingine imezunguka dunia ikarudi. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alisoma Slade, shule ya Trowell na ya Ntiro. Aliacha turubai akachagua kuchora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo la Uganda, pamoja na matundu na mishono yake. Maonyesho yake makubwa ya mwaka 2021 katika Royal Academy ya London yalikuwa na chumba cha kazi za waliomtangulia, wakiwamo Njau, Musoke, Katarikawe na Sane Wadu. Sane alikuwa mwalimu wa shule aliyeacha kazi ili achore. Majirani walipomwita mwendawazimu, alijipa jina lenye maana ya mtu mwenye akili timamu. Armitage pia ameanzisha Nairobi taasisi ya sanaa ili kazi za ukanda huu zitazamwe na kusomwa hapahapa.

Wanachodaiwa wanafunzi wetu

Tangu baraza ya Trowell hadi leo, majibu yamekuwa mengi. Sanaa ni kilichomo ndani ya mtu, walisema Trowell na Romain-Desfossés. Ni kumbukumbu ya kazi ya pamoja, alisema Ntiro. Ni ujuzi wa dunia nzima, alisema Todd. Njau aliiona kuwa uumbaji usionakiliwa, Tshibumba akaiona kuwa historia yenye hoja, Nnaggenda akaifanya ushahidi, na Nabulime akaitumia kuponya ukimya. Hakuna jibu lililoua lililotangulia. Hata hivyo si sawa kusema kwamba kila jibu ni sahihi. Majibu yaliyoishi yana sifa moja: yalitolewa na mtu aliyekuwa tayari kulipa gharama ya kuyafuata, kwa kazi inayoonekana.

Kwa hiyo shule ya sanaa isipimwe kwa fasili inayoandika ubaoni. Ipimwe kwa wanafunzi wake: je, wanaweza kumpinga mwalimu kwa kazi, wakaeleza kwa nini? Mwanafunzi anayemaliza chuo akirudia maneno ya mhadhiri wake amepewa cheti, elimu bado.

Ili waweze kupinga, lazima kwanza wawajue waliotangulia, na hapa tunawanyima. Picha ya Ntiro iko New York, historia ya Tshibumba iko Amsterdam, na mtoto wa Machame au wa Lubumbashi anaweza kumaliza shule bila kuyasikia majina hayo. Vitabu vilivyoandikwa juu yao karibu vyote ni vya lugha za kigeni. Kenya sasa imeweka sanaa kuwa mojawapo ya njia kuu za sekondari ya juu katika mtaala wake wa umilisi. Hiyo ni hatua ya kupongezwa, lakini itakuwa jina tupu ikiwa darasani hakuna mwalimu wa sanaa, hakuna rangi, na hakuna picha za akina Musoke na Maloba za kutazama. Tanzania ina chuo cha sanaa cha Bagamoyo tangu mwaka 1981 na karakana zenye mafundi hai ambao wangeweza kuwafundisha wanafunzi wetu kesho asubuhi wakialikwa.

Wizara za elimu zinunue kazi za wasanii wetu na kuziweka mahali ambapo wanafunzi wanafika. Vyuo viandike historia hii kwa Kiswahili. Walimu wawapeleke wanafunzi kwa mafundi, na mafundi waalikwe vyuoni wakiwa walimu kamili. Na wewe mzazi, mwanao akikwambia anataka kusoma sanaa, usimwulize kwanza atakula nini. Mwulize anaamini sanaa ni nini, kisha mpe nafasi akuonyeshe jibu lake kwa kazi ya mikono yake.